Mstari Mwekundu wa Darajani

Nyumba ya tatu kutoka kijitoni,
Upande wa meza yangu ya biashara.
Jumatano, tarehe 14 Aprili.

Mpendwa dada,

Shikamoo. Mgongo umepoa au bado unakutesa? Shemeji mzima? Nimesikia mpwa wangu mdogo ameanza kuota meno; mwambie ya mjomba wake yameanza kung'oka.

Sisi huku tunapumua. Mama mguu wake una kidonda, ila ulimi haujapata ugonjwa wowote. Mimi ni yuleyule: jua likiwaka nauza miwani, mvua ikinyesha nauza miavuli, kukiwa na mawingu nasimama tu kama mlingoti.

Daraja letu unalikumbuka, lile la mbao ulilokuwa unavuka umefumba macho. Sasa ukipiga chafya huku, mbao za mwisho kule zinaitikia. Jipya linajengwa pembeni. Nguzo mbili zimesimama, halafu mvua zikaja, mafundi wakakunja maturubai wakaondoka mpaka maji yapungue. Kwa hiyo tunaendelea na bibi kizee.

Kabla hawajaondoka, injinia alichora mstari mwekundu kwenye nguzo ya zege ya hilo bovu. Akasema, "Maji yakigusa hapa asivuke mtu, hata paka." Na kweli, yakigusa tu, fundi cherehani wa pale kona anafunga mnyororo, watu wanageuza.

Sasa dada, kaa chini ndipo uendelee kusoma. Meza yangu iko mdomoni mwa daraja. Mnyororo ukifungwa, mimi napiga miayo. Mwezi uliopita ulifungwa siku nne mfululizo. Ya tano, watu hawajaamka, nilichukua rangi nyekundu iliyobaki nilipopaka meza, nikaukwangua ule mstari, nikachora mwingine juu yake, kama urefu wa kiwiko mpaka vidoleni. Nikajiambia wasomi wanapenda kuzidisha. Nilicheka peke yangu.

Juzi Jumatatu Mama alikuwa anakwenda kliniki kufungwa kidonda. Maji mazito, yanabeba matawi. Fundi cherehani akachungulia nguzo, akasema, "Bado hayajafika, pita tu mama." Mimi nilikuwa namfungulia mteja mwavuli. Nageuka, Mama yuko katikati, daraja linayumba kama kamba ya nguo. Ubao ukakatika chini ya mguu wake mbovu. Mimi, na mdomo huu wote, nikabaki na mwavuli wa mteja mkononi. Alining'inia kwenye kamba ya pembeni kwa mikono miwili, ndala ikaenda na maji, mpaka fundi akamfuata akitambaa kwa tumbo, akamvuta.

Jioni anakausha gauni, ananiambia, "Nilitulia kwa sababu mstari ulikuwa haujafikiwa. Yule injinia Mungu ampe maisha marefu."

Jana nikaenda kuchora tena ule wa chini. Ndipo nikaharibu kabisa. Wa juu haufutiki, rangi yangu ya meza ni ngumu kuliko ya injinia, nimekwangua mpaka kisu kimepinda. Sasa nguzo ina mistari miwili na kila mtu anachagua wake. Fundi anasema, "Huu wa chini kauchora mtu wa kutuharibia siku. Wa juu ndio wa serikali, ona hata kisu kimeshindwa kuufuta." Leo mvua haijakata toka asubuhi. Keshokutwa Mama anarudi kliniki, na ameshasema yeye anafuata wa juu.

Naogopa, dada. Naogopa maji, namuogopa fundi, lakini zaidi namuogopa Mama nikimwambia. Nimekuandikia wewe kwanza nione maneno yatatokaje. Yametoka. Yuko jikoni, namsikia na sufuria zake. Naweka kalamu chini.

Nimerudi. Nimemwambia yote. Hakunipiga, na ingekuwa afadhali. Aliuliza kitu kimoja tu: "Siku zote hizo wamevuka wangapi?" Sikujua. Akachukua kigoda, akachukua mwavuli mmoja wa biashara, akaenda kukaa mbele ya nguzo. Kila anayekuja anaambiwa, "Huo wa juu kauchora mwanangu, huyo hapo mwenye miwani." Fundi amefunga mnyororo. Maji yameshameza mstari wa chini na bado yanapanda. Nakuandikia hapa mezani, nyuma ya mgongo wa Mama, karatasi inalowa. Hataki kuondoka mpaka mtu wa mwisho ageuze.

Tafadhali mwite aje kwako mpaka daraja jipya lifunguliwe. Wewe atakusikia. Nitamleta mwenyewe kwa ile barabara ya kuzunguka kilimani, nusu siku nzima, na nitanyamaza njia yote kama atataka.

Nisalimie shemeji na wapwa wangu, na shangazi wa hapo jirani. Mama naye anakusalimu, ila hakugeuka kunitazama aliposema. Mungu awaepushe na mafuriko, na watu wenye rangi iliyobaki.

Wako akupendaye sana,
Mdogo wako wa darajani.