Bati la Juu ya Kitanda Changu

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi, Nakuru. Ijumaa, tarehe 9 Mei 1958, saa tatu na nusu asubuhi.

Jina: Zeddy Jepkoech, mke wa Micah Kipkemboi. Umri: miaka 21. Elimu: Form Two. Kazi: mwalimu wa shule ya msingi. Makao: Bondeni, nyumba ya tatu kutoka bombani.

Ndiyo, Koplo, na kama nilivyokuwa nikisema pale mlangoni, mtu mliyemfungia si mwizi, na aliyemwita mwizi ni mimi. Naomba hilo liandikwe kwanza.

Niliolewa kanisani tarehe 19 Aprili mwaka huu. Koplo Owino ameniambia niache habari za harusi nieleze upepo. Nitaieleza kidogo tu, kwa sababu bati linahusika. Mume wangu ni gadi wa treni ya mizigo, na mara nyingi kukipambazuka yuko Naivasha au mbele zaidi. Kabla hajaniingiza katika nyumba ile aliezeka chumba chetu kwa mabati mapya. Bati la juu ya kitanda aliliandika upande wa ndani kwa rangi ya kijani, ili nikifungua macho asubuhi nione salamu yake hata kama hayupo. Rangi aliinunua dukani. Si ya reli. Nimeulizwa, nimejibu.

Mnamo tarehe 8 Mei, siku ya Alhamisi, saa kumi na dakika kumi alasiri, nilikuwa nyumbani nikipiga pasi shati la Micah. Upepo ulishuka kutoka upande wa Menengai, na mvua ya mawe ikafuata mara moja. Nilisikia misumari ikilia. Mabati matatu yaling'oka, la mwisho likiwa lile la juu ya kitanda. Nililifunika shati kwa mwili wangu. Unga umelowa, godoro limelowa, shati halikulowa.

Mvua ilikatika karibu saa kumi na moja. Nilitoka nje. Nyumba saba za mstari wetu zilikuwa wazi juu. Mti wa mjakaranda ulikuwa umelala juu ya choo, na jirani yangu Nabalayo alikuwa akiokota mawe ya barafu kwa karai akisema anamwekea mumewe ayanywe badala ya chai. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa natafuta bati langu.

Saa kumi na moja na dakika arobaini nilimwona mtu akisukuma mkokoteni wenye mabati matatu mapya. Nilimjua kwa sura tu: Mathenge, fundi anayetengeneza ndoo na majiko karibu na soko. Niliyatambua mabati kwa upya wake. Nikapiga kelele, "Mwizi! Mwizi wa mabati!"

Mathenge alisimama. Alisema, "Mama, ngoja kidogo. Geuza uone." Sikungoja. Askari wawili waliokuwa wakipita walimshika. Walimuuliza kama ana mengine, naye akajibu bila kuficha kwamba yako kumi na moja kwake. Walichukua kitabu chake cha pasi, kile cha ruhusa ya Mkikuyu kukaa mjini, wakaondoka naye. Mkokoteni uliachwa palepale njiani.

Nabalayo alikuja na karai lake. Aliniuliza, "Bi harusi, umefanya nini?"

Nikamwambia nimeshika mwizi.

Akasema, "Wewe ni mgeni, sikulaumu. Lakini hapa upepo ukipita, mabati yote yanakwenda kwa Mathenge. Anayanyoosha kwa nyundo ya mti, anaandika jina la mwenyewe kwa makaa, anarudisha. Juzijuzi alinirudishia mlango, na mimi sikujua kama nimepoteza mlango!"

Tuligeuza mabati mpaka la chini, lile la juu ya kitanda changu. Upande wa nje lilikuwa limeandikwa kwa makaa, "Micah gadi, nyumba ya 3." Mkokoteni ulikuwa umeelekea kwetu. Hilo nililiona kwa macho yangu, na ningeliona mapema kama ningengoja.

Nililala kwa Nabalayo. Sikupata usingizi. Alinieleza kwamba Mathenge akitiwa hatiani, kitabu hicho hatakiona tena, na atapelekwa rizavu, eneo walilotengewa Wakikuyu, aliyoiacha akiwa mtoto. Mkewe Wangare anachuma pareto katika shamba la Mau Narok, na dereva wa lori amekwisha kumpelekea habari kwamba mumewe ameiba.

Leo saa moja asubuhi mume wangu alirudi. Nilimweleza yote bila kujitetea. Alisoma makaa, akageuza bati akasoma maneno yake mwenyewe. Kisha akasema, "Zeddy, umemwita mwizi mtu aliyekuwa akikuletea salamu zangu." Alivaa lile shati, akashika ncha moja ya bati, nami nikashika nyingine, tukalibeba mpaka hapa. Sokoni watu walituuliza kama tunahama na paa.

Bati hili nalitoa kama kielelezo. Koplo ameyasoma maneno ya ndani kwa sauti mbele ya askari wote: "Chamgei, Zeddy. Narudi." Chamgei ni hujambo ya kwetu. Wamecheka. Yaandikwe kama yalivyo. Sioni haya.

Sijapotelewa na kitu chochote. Nimeyasema haya kwa hiari, na yote nimeyaona mwenyewe, isipokuwa yale niliyoelezwa na Nabalayo.

Sahihi: Z. Jepkoech

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Wenye mabati tisa kati ya yale kumi na moja wamefika na kusema vivyo hivyo. Mathenge ameachiliwa saa tano na dakika ishirini, amerudishiwa kitabu. Amekataa kuondoka bila kielelezo, akisema ncha moja bado haijanyooka. Amepewa. Koplo Owino.

Nyongeza, kwa ombi la shahidi: Nimemwomba Mathenge msamaha hapa kaunta. Amesema, "Mimi nimekusamehe, mama. Aliyebaki ni Wangare." Kwa hiyo naomba iandikwe na hii: kabla ya mwezi huu kwisha, mimi na Micah tutapanda Mau Narok, nimwambie Wangare kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mumewe hakuiba.