Priska Hakukaa Makambako

S.L.P. 38,
Njombe.
14 Juni 1997

Mpendwa dada Margareth,

Kamwene. Mnaendeleaje huko Manda? Shemeji mgongo wake umepoa? Sisi tu wazima, ila baridi inatusumbua. Asubuhi vinyungu, bustani zetu za bondeni, vinakuwa vyeupe kwa sakitu.

Ni miezi minne sasa tangu tumzike mwanangu Priska. Bado nikipakua ugali natenga sahani yake.

Nakuandikia kwa sababu ya mdogo wake, Ema. Jumapili iliyopita alisimama ukumbini parokiani, mbele ya akina mama na wasichana, awaeleze habari za ukimwi kama alivyofundishwa na sista wa zahanati. Huyu Ema aliyekuwa akijificha nyuma ya mtungi kila ulipokuja!

Mwanzoni walimcheka. Unajua huku tunauita ugonjwa wa Makambako, kwa sababu ya malori yanayolala pale njia panda. Jirani yetu Mama Silvesta akapaza sauti, "Binti, kawaambie wa Makambako! Sisi huku tunapanda viazi tu." Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Ema akasubiri wanyamaze. "Mama, hata dada Priska alikuwa anapanda viazi tu. Makambako alikwenda mara moja, kununua sweta. Ugonjwa ulimfuata nyumbani."

Siku ya mazishi, kwenye historia ya marehemu, ilisomwa kuwa alifariki kwa kifua. Ni mimi niliyemwambia katekista aandike hivyo. Sasa wote wakageuka kunitazama. Ningekaa kimya, Ema angeonekana mwongo, na wale wasichana wangerudi kwao wakiamini Makambako ni mbali.

Nikasimama. "Ema anasema kweli. Ulikuwa ukimwi. Hicho kifua nilikitunga mimi."

Mama Silvesta alihama alipokuwa, akaja kukaa karibu nami, akanishika mkono. Wasichana walimzonga Ema kwa maswali mpaka sista akaja na funguo kufunga ukumbi. Wawili wameshawaambia wachumba wao wakapime damu kwanza. Dada, siku hiyo nilijiona kweli nimezaa.

Mkwe wangu Mikaeli, mume wa Priska, simlaumu, naye tulimzika. Ila nakuomba, Yunisi wako asiolewe kabla yeye na mchumba wake hawajapima, hata kama kijana ni wa hapo hapo Manda. Akibisha, mwambie dada yake Priska hakukaa Makambako.

Lile sweta la mtumba, la kijani, ndilo alilovaa Ema ukumbini. Kifungo cha juu si cha rangi yake. Nilikishona mimi Priska alipokuwa hawezi tena kushika sindano. Kilishika vizuri.

Nisalimie shemeji, Timoth na Lidia. Mungu ailinde nyumba yako na wote wanaoingia humo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,

Tereza