Uso wa Ngasa Barazani

Jumatatu, 7 Juni 1954

Siku ya baraza. Nimefika na kapu la michembe kabla askari hajafungua mlango. Nimekaa palepale, chini ya dirisha. Viazi vyangu vikavu wananunua wenye kesi na waliowasindikiza. Hofu inaleta njaa.

Washtakiwa watatu. Wa kwanza amekohoa tangu kuingia mpaka kutoka. Kikohozi hicho nakijua, kinaanzia mlangoni, nje hakipo. Wa pili kavaa koti la kuazima, mikono imemezwa. Ameapa kwa kaburi la mama yake. Mama yake yuko hai, alikuwa amekaa nyuma. Wa tatu ni kijana aliyepigana kwenye pombe. Amechuchumaa, akampigia mtemi makofi ya salamu, akanyamaza mpaka alipoulizwa. Huyo nilimfundisha mimi asubuhi. Amesamehewa. Mama yake amenishika miguu.

Wananijia wengi. Mayu, mwanangu akae vipi? Nawaambia: achuchumae, apige makofi, atazame miguu ya mtemi, asiape. Kusoma sikusoma, hizi herufi ni za mafundisho ya ubatizo tu. Lakini mambo ya pale ndani nayajua kumshinda karani. Nimejisifu, basi.

Jumatano, 9 Juni

Wamemchukua Ngasa.

Mjukuu wangu. Nilimlea tangu kitovu hakijakauka. Ananiita mayu, maana mama mwingine hakumwona.

Ng'ombe mwekundu wa mzee Luhende, yule wa pembe moja, amekutwa zizini mwetu. Hakufichwa. Maziwa yake nimekunywa mwenyewe. Aliyemleta ni Shija, mtoto wa Luhende, mwezi wa tatu. Alimleta kwa desturi yetu ya kubilisa: ng'ombe anabaki wa mwenyewe, unamtunza wewe, maziwa unakunywa wewe. Kisha Shija akaenda machimboni. Baba yake hakuambiwa kitu. Na hawa wawili wakapeana ng'ombe bila kuita shahidi, eti marafiki. Wajinga. Siku hiyo mimi nilikuwa kwenye pamba. Hata ningekuwepo, mimi ni damu yake, neno langu halina uzito.

Mke wake, Kabula, ana mimba ya miezi saba. Halii. Na mimi silii. Nimekoka moto tu.

Ijumaa, 11 Juni

Nimempelekea ugali mahabusu. Amekula wote. Vizuri.

Ngasa ana ugonjwa mmoja. Akiogopa, anacheka. Si kwa sauti, ni meno tu. Alicheka fisi alipoingia zizini. Alicheka babu yake akifukiwa, nikampiga kofi mbele ya watu. Askari wa zamu ameshaanza kumchukia.

Nikamwambia, "Ng'wanawane, mwanangu, Jumatatu ukicheka umekwisha. Watasema unawadharau."

"Mayu, sicheki mimi. Ni uso."

"Basi uue huo uso."

Nimemwambia ang'ate shavu kwa ndani, awaze kaburi la babu yake. Tumejaribu pale pale kwenye nondo, mimi mtemi, yeye mshtakiwa. Mara tatu meno yakatoka. Mara ya nne akakaa kama gogo. Nikampa mchembe, kama zamani alipokuwa mdogo.

Nimerudi nyumbani nimetulia.

Jumapili, 13 Juni

Kanisani. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa nakagua nyuso za watu.

Jumatatu, 14 Juni

Luhende amesema kwa kirefu. Amemlilia ng'ombe wake, na machozi yalikuwa ya kweli. Yeye haamini anasema uongo.

Ngasa akaingia. Kachuchumaa, kapiga makofi, katazama miguu ya mtemi. Hakuna hata jino. Nilisimama kwenye vidole kumwona vizuri. Alipendeza.

Kaulizwa nani alimleta ng'ombe. Shija. Shija yuko wapi? Machimboni. Machimbo gani? Hajui. Shahidi? Hana.

Mtemi akawageukia wazee wa baraza. Akaanza kusema mmoja wao, Malando, jirani yetu, mtu mzuri.

"Mtemi, huyu tumemwona akikua. Huyu ukimsingizia, anacheka. Nilimsingizia kuvunja kibuyu changu, akanichekea mpaka nikashika fimbo. Kumbe aliyekivunja ni mbuzi. Leo mtazameni. Amekauka. Amekauka kwa nini?"

Mwingine akasema, "Amefundishwa huyo."

Wakageuka wote wakatazama dirisha.

Nikasimama. Nikasema mimi ndiye niliyemkataza kucheka. Askari akaniambia, "Bibi, kaa na viazi vyako." Nikakaa.

Miezi sita. Karani alipoitaja, Ngasa akacheka. Meno yote. Mtemi akasema, "Mnaona? Sasa anatucheka."

Jumanne, 15 Juni

Nimekata viazi, nimevianika. Nimevikata vyembamba mno, vitavunjika.

Sisikii kitu. Kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Luhende amekuja kumswaga ng'ombe wake. Hakunisalimu. Mimi nimemwambia mwadila, maana ilikuwa mchana na yeye ni mkubwa kwangu.

Alhamisi, 17 Juni

Nimetuma neno kwa dereva wa lori la pamba. Akimwona Shija popote amwambie arudi aseme ukweli. Dereva kauliza Shija yupi. Wako wengi. Nikasema yule rafiki wa Ngasa.

Malando amekuja na maharage. Amesema, "Mayu, ungemwacha tu." Nikamwambia, "Ungenyamaza tu." Tumekaa. Maharage nimepika.

Alhamisi, 24 Juni

Wafungwa wanatengeneza barabara ya Maswa. Nimetembea tangu alfajiri. Ngasa yuko wa pili kutoka mwisho, kanyolewa kichwa. Askari alikuwa mkali, sikusogea. Ngasa akaniona. Akakaza uso, kama nilivyomfundisha.

Nilitaka kumwambia acha. Nilikuwa mbali.

Jumatatu, 28 Juni

Siku ya baraza. Leo sikukaa dirishani. Nimekaa upande wa nyuma, jua linapochoma.

Mwanamke kanifuata huko, katoka mbali, miguu vumbi tupu. Mwanawe ameshtakiwa kwa kuchoma nyumba ya mtu. Kijana analia, kamasi mpaka mdomoni.

"Mwangaluka, mayu. Wamesema wewe ndiye unayejua. Nimwambie akae vipi?" Na kanga ameshaiinua amfute.

Nikamshika mkono.

"Usimfute."

Nimewapa michembe, mtu na wake. Hukumu sikungoja.

Nyumbani nimemkuta Kabula kakaa nje, miguu imevimba. Nimeipaka mafuta, nimeikanda. Mtoto alicheza tumboni. Tumemwacha acheze.