Tableti Haina Harufu

Bulla Pesa, Isiolo

Kwako Mama Ekai,

Habari ya huko Oldonyiro? Habari ya magoti yako, na kile kikohozi, na mbuzi waliobaki? Mvua imeonyesha hata wingu? Mimi niko. Meno ni yale yale unayoyajua, na katika mtaa huu hakuna soja wa umri wangu anayesimama getini mpaka asubuhi bila kuegemea ukuta. Waulize. Barua hii nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Darasa la ngumbaru la watu wazima sikwenda kulala. Mke wa Ekai akusomee polepole, na akitaka kucheka amalize kusoma kwanza.

Neno lenyewe ni tableti. Mtoto wetu Ekai aliniletea akapita, maana gari la kaunti analoendesha halimruhusu kukaa mahali pamoja.

"Baba," akasema, "sasa achana na ile barabara ya vumbi. Ukitaka kumwona mama, unamwona hapa. Hata Krismasi mtakula pamoja."

"Nitakula nini? Kioo?"

"Jaribu kwanza. Nikirudi uniambie kama unaihitaji au niichukue."

Nikaikubali, na sababu unaijua. Kiangazi kilipomaliza ng'ombe zetu kikatuachia dume langu Lokwang' peke yake, niliapa mbele yako kwamba sitakanyaga boma lile mpaka niwe naswaga ng'ombe mbele yangu. Mimi nikisema nimesema. Kwa hiyo nikaona hii kitu imeletwa na Mungu: nitawaona, na kiapo kitakaa.

Kuitumia nilijifunza asubuhi moja. Muuza miraa wa hapo nje, Mmeru mwenye mdomo, akasema, "Mzee wa geti, umekuwa kijana! Sasa utatafuta bibi wa pili humo ndani." Nikamwambia huyo wa kwanza bado ananishinda.

Lakini sikia jina hilo, mzee wa geti. Ploti hii ina watu kama siafu, nasikia jirani akigeuza chapati upande wa pili wa bati, na hakuna hata mmoja anayeniita Apa Lokwang', baba wa Lokwang'. Mwanaume akikaa sana bila kuitwa kwa jina la ng'ombe wake, anaanza kujiuliza kama bado yupo.

Basi siku ile nikapiga. Wewe ulinionyesha paji la uso tu, mazungumzo yote, kama mtu anayechungulia kisima. Nikasema nipelekeni bomani. Mke wa Ekai akamshikia Lokwang' simu yake, nami huku nikaimba wimbo wake, ule niliomtungia pembe zake zilipokuwa bado laini ninazikunja. Niliimba kwa sauti ya kweli. Muuza miraa aliacha wateja.

Uliona masikio yale? Uliona alivyokuja mbio, mzee kama yule? Akanusa simu. Akanusa tena. Halafu akazunguka nyuma ya mke wa Ekai kunitafuta. Mlicheka, nami nikacheka, netiwaki ikakatika. Nikalala nikijisifu: sauti yangu imefika Oldonyiro bila miguu.

Juzi dereva wa lori la mbuzi alikuja kwenye duka ninalolinda kununua misumari. Nikamwuliza ya huko.

"Mzee, yule ng'ombe wako wa pembe zilizokunjwa ana nini? Kila nikipita namkuta barabarani."

"Barabarani wapi?"

"Pale nilipokupakia siku ile unakuja mjini. Hali majani. Anaangalia upande wa Isiolo. Wakimrudisha, kesho yuko pale pale."

Mama Ekai, nilikaa chini. Mimi, ambaye siegemei ukuta.

Nimefikiria sana, na usiseme nimezeeka. Ng'ombe alisikia sauti yangu, akatafuta mwili, hakupata hata harufu. Kwa akili yake niko karibu na ninajificha. Na hakukosea. Nilikuwa najificha nyuma ya kiapo, na tableti ilikuwa inanipa mahali pazuri zaidi pa kujificha.

Kwa hiyo Ekai akirudi nitampa kitu chake. Kina faida, sikatai. Awape watoto wake wasomee. Lakini kwangu mimi si cha lazima. Msinipigie tena mkiwa pale bomani, tafadhali, Lokwang' asije akasikia mara ya pili.

Tajiri wangu wa duka nimemuaga. Nakuja na lori la Jumanne. Siswagi ng'ombe yeyote. Nina blanketi, na magadi ya kulamba ya Lokwang'. Wanaume wakitaka kunicheka waje wacheke wakiwa wamesimama karibu, tuone.

Nisalimie dada yangu Nakuwa anayejua kila kitu kabla hakijatokea. Nisalimie shemeji yangu mzee wa kanisa, umwambie kiapo kikivunjwa na ng'ombe sidhani ni dhambi, lakini aulize. Salamu kwa mke wa Ekai, koo lake lipumzike sasa.

Ni mimi mume wako,
Apa Lokwang'

Jambo moja nilitaka kuliacha. Dereva alisema ng'ombe hasimami pale peke yake. Alisema kuna mama mmoja huwa ameketi kwenye kivuli chake, naye anaangalia Isiolo. Sikumwuliza ni nani. Jumanne mkae hapo hapo, wote wawili.