Nilisimamisha Pikipiki Nikiwa wa Kwanza, Lawama Akabeba Fundi

Shangazi Zubeda mpendwa, shikamoo, naomba msaada wako haraka, ila kwanza uahidi hutanicheka, maana mimi ni mtu mwenye jina hapa Mpanda, shule niliishia fomu two lakini kwenye kona nina digrii, muulize yeyote kijiwe cha boda Shanwe.

Sisi ni timu ya mbio za pikipiki, tunajiita Vumbi la Shanwe, tuko watatu tu: mimi dereva, Melkiadi fundi, na Rosine anayehesabu mizunguko na kututukana. Pikipiki yetu ni hii hii ninayobebea abiria wiki nzima, Ijumaa Melkiadi anafungua keria, vioo na indiketa inabaki mifupa, Jumatatu asubuhi anavirudisha, na tunakimbia kwenye shamba la zamani la tumbaku nje ya mji ambako vijana tumechonga njia yetu wenyewe. Wikiendi iliyopita, Jumamosi tulifanya mazoezi, nikaanguka mara moja, ila nilianguka vizuri, na Jumapili ndiyo ilikuwa yenyewe, mizunguko kumi, na nakwambia Shangazi niliwaacha wote, hadi Feisal wa Kashaulili mwenye pikipiki mpya anayeiendesha kama amebeba trei ya mayai, mzunguko wa kumi niko mbele peke yangu, nimeshaanza kufikiria nitakaaje kwenye picha.

Sasa kona ya mwisho, kule nyuma ambako kwa vumbi hakuna anayekuona, alikuwa anakuja mama yake Melkiadi, ametoka Katumba na hotipoti ya wali maharage kwa ajili yetu, na aliponiona naongoza akafurahi akanyoosha mkono, na mimi Shangazi sijui nikuelezeje, miaka minne nabeba abiria, nilipouona ule mkono mguu ukakanyaga breki wenyewe, nikaenda pembeni taratibu, nikashusha mguu chini, nikajisikia nauliza, "Tunaenda wapi, mama?"

Akaniambia, "We mtoto, kimbia!" lakini Feisal na mayai yake alishapita.

Nilipofika mwisho Rosine akanidaka, "Mbona umechelewa, ulisimama kupakia abiria?" Alikuwa anatania tu, lakini mimi nikahisi ameniona, nikajibu haraka, "Breki ya nyuma imeng'ata yenyewe." Melkiadi akachuchumaa kuikagua. Ile breki aliifunga yeye kwa mikono yake. Mama naye aliacha hotipoti akawahi gari la kurudi Katumba, huo uongo hakuusikia.

Tangu siku hiyo Melkiadi ameifungua breki mara nne, haoni kosa, na kijiweni wameanza kusema spana zake hazina uhakika, wateja wawili wamepeleka pikipiki kwingine, na jana ameniambia, "Kaka, ningekuua. Ijumaa narudi Katumba kulima tumbaku, ufundi basi." Shangazi, huyu ndiye alinifundisha pikipiki, siku niliyoumia mguu alinibeba mgongoni hadi hospitali huku ananitukana njia nzima, nampenda sana ila sijawahi kumwambia, na nikisema ukweli nitaitwa Wapi Mama mpaka nazeeka. Nifanye nini?

Ni mimi, Mfalme wa Kona, Shanwe.

Shangazi Zubeda anajibu:

Marahaba, Mfalme. Uliniomba nisicheke, nimeshindwa, nimecheka mpaka nikamwaga chai. Hilo limeisha.

Sasa nisikilize. Wewe huogopi kuanguka na pikipiki, unaogopa jina la utani? Mwenzako amefungua breki mara nne kutafuta kosa ambalo liko mdomoni mwako, na wewe umesimama hapo unamshikia spana! Anaamini nusura akuue. Hicho ndicho kinachomrudisha kwenye tumbaku, wala si wateja wawili. Na kuna jambo hujalifikiria hata kidogo: Ijumaa akifika Katumba, wa kwanza kumpokea ni mama yake, na mimi nakuhakikishia yule mama anawasimulia majirani wote kuhusu kijana mwenye adabu aliyesimamisha mashindano ili amsalimie. Melkiadi atakaa hapo, ataelewa kila kitu, na wewe hutakuwepo.

Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwenye simu kabla gazeti halijatoka. Nenda leo. Usimwite pembeni, maana jina lake hukuliharibia pembeni. Mwambie pale pale kijiweni, mbele ya hao wanaozisema spana zake, na useme yote, hadi ule "tunaenda wapi, mama". Watacheka. Kaa wacheke, na usianze kuwaeleza jinsi ulivyokuwa unaongoza. Wakimaliza, mpe Melkiadi pikipiki afunge breki wakiona, kisha panda wewe wa kwanza uondoke nayo. Akikutukana, ujue amebaki. Na ile siku ya kubebwa mgongoni mtajie, kwa sauti, hata kama utaona aibu.

Jina la Wapi Mama litakuganda, mwanangu, hapo sina dawa.

Mashindano yajayo msimkataze mama kuja na hotipoti yake. Mwekeeni kiti kwenye mstari wa mwisho, na akikuona unakuja, anyooshe mkono. Hapo simama.