Santuri Iliyoungua Ukingo

Mill Fork, Ohio
17 Septemba 1984

Kwako mdogo wangu Wade,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha mvua za huko Tacoma kimekuachia. Sisi hapa hatujambo kwa rehema za Mungu, isipokuwa goti langu, ambalo hulalamika kila ninapoinua sufuria kubwa pale jikoni shuleni.

Nimekupatia santuri zako. Jumamosi kanisa lilikuwa na mnada wa vitu vya mitumba, nami nilikuwa zamu kwenye meza ya vyombo. Ikabidi nimwombe Dada Eunice anishikie meza nikapekue maboksi ya chini. Nilifuata ulivyonifundisha: niachane na waimbaji maarufu wanaotabasamu, nitafute zile santuri ndogo zenye lebo mbaya mbaya, zilizotolewa na vijana waliokuwa wakipiga magitaa kwenye gereji za baba zao. Moja imeandikwa kwa wino, "Mali ya Becky, usiguse." Samahani Becky, nimeigusa.

Eunice aliziona mkononi mwangu akaniuliza kama nimeanza kucheza dansi na goti hilo. Nikamwambia ni za mdogo wangu. Akasema, "Yule wa boksi?"

Miaka kumi na minane imepita, Wade, na kwa watu hawa bado wewe ni yule wa boksi. Iliniuma.

Sasa nakuomba neno. Njoo ule nasi Sikukuu ya Shukrani. Mama alipokuwa anakata roho alikuacha mikononi mwangu ukiwa mtoto, na sijakuona mezani kwangu tangu ulipoondoka na ule mkoba wa turubai. Shemeji yako Lowell hakukatazi. Yeye ni yuleyule, shemasi na kwaya yake, sauti yake ya chini ile ya upole. Nikikutaja huwa anatoka nje kwenda kutazama gari, lakini hakukatazi.

Nakuombea kila asubuhi.

Dada yako,
Verna


Tacoma, Washington
1 Oktoba 1984

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Kikohozi kimepona, kazi ya kiwandani ipo, nakula vizuri, usianze kuniuliza. Pole na goti. Waambie hao wa shule wakutafutie kijana wa kubeba masufuria.

Mzigo umefika. Nyingi kati ya ulizonunua ni za kinanda cha mkono na harusi za Wapolandi, lakini ile ya Becky, dada, niliiweka kwenye mashine kabla hata sijavua koti. Ni ya vijana wa Indiana ambao hakuna anayejua walikwenda wapi baada ya kuipiga. Umekuwa mwindaji kuliko mimi.

Kuhusu Sikukuu ya Shukrani, hapana. Wewe nakupenda. Katika nyumba aliyomo Lowell sitaingia. Unajua sababu, ila naona tumeacha kuitaja, na mimi leo nataka kuitaja.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mchungaji Prewitt alitangaza kila nyumba ilete muziki wake wa shetani uchomwe moto pale uwanjani kanisa linapoegesha magari. Shemeji, ambaye mlikuwa mmeoana juzi tu, akachukua boksi langu chumbani bila kuniuliza. Lilipofika kwenye moto lilikuwa limejaa hadi juu. Santuri zangu zilikuwa nusu ya boksi. Nilisema siku ile, na wewe nilikwambia, nyingine si zangu, sijawahi hata kuziona. Nani alinisikiliza? Mchungaji alinishika kichwa akaniombea kwa jina mbele ya watu wote, kama mtu aliyekutwa akiwauzia watoto wa mji sumu. Na Lowell amesimama pembeni, kofia mkononi, macho chini.

Kitu ambacho sikukwambia ni kwamba watu walipoanza kuimba nilivuta santuri moja kwa kijiti, nikaificha chini ya shati. Kovu la tumboni ninalo hadi leo. Ilikuwa mojawapo ya zile zisizo zangu. Ukingo wake umeyeyuka na kujikunja, kwa hiyo mwanzo wa wimbo haupo, sindano inashika ubeti ukiwa umeshapamba moto. Lebo yake imekwanguliwa kwa kisu pande zote mbili. Moto haukwangui, dada. Kuna mtu alifanya vile. Sijui ni bendi gani, sijui wimbo unaitwaje. Ninachojua ni kwamba yule mwimbaji anapiga kelele zilezile zilizokuwa ndani yangu usiku ule. Ndiye aliyenifanya nianze kukusanya santuri. Nimeandikia wakusanyaji wa nchi nzima, hakuna mwenye nakala nyingine.

Sasa mimi na rafiki yangu Gene tumetoa mkusanyiko wetu, santuri kubwa yenye nyimbo za bendi za gereji zilizosahaulika. Tunauuza kwa posta. Ile yangu iliyoungua tumeiweka ya mwisho upande wa pili. Jalada linasema tu, "Hawajulikani." Nakutumia moja. Si lazima uisikilize. Iweke tu mahali nyumbani mwako, nijue ipo.

Mdogo wako,
Wade


Mill Fork
15 Oktoba 1984

Wade mdogo wangu,

Mungu akulinde. Mimi sijui kama ni mzima au si mzima. Nimeketi juu ya kitanda chako cha zamani, mlango nimeufunga.

Leo mchana nilikuwa napiga pasi mashati ya Lowell ya kanisani. Nikasema, mtoto ametuma kazi yake, angalau niisikilize. Nikaweka upande wa kwanza, nikacheka peke yangu. Nikaweka wa pili. Ukafika wimbo wako ule wa mwisho, wa yule anayelia kama amebanwa kidole na mlango wa gari. Nikawa namhurumia, nikamsemea sala fupi, popote alipo.

Magitaa yakaisha. Nikadhani ndiyo mwisho. Kisha yule mtu akavuta pumzi kwa pua, akapiga kisigino chini mara mbili, akasema kwa sauti ya kawaida, ya upole, "Haya, pumueni sasa, hakuna aliyekufa."

Wade, pasi iliunguza shati nikaisikia harufu ndipo nikaiona.

Wewe hukuwahi kukaa kwenye mazoezi ya kwaya. Mimi nimekaa kila Alhamisi tangu niolewe. Kila kwaya inapomaliza wimbo mgumu, Lowell anavuta pumzi kwa pua, anapiga kisigino mara mbili, anasema maneno hayo. Waimbaji wote wanayajua, watoto wanamwigiza nayo. Nimerudisha sindano mpaka naogopa kuitoboa santuri yako. Ni yeye. Mume wangu ndiye anayelia humo ndani.

Sijamwambia. Amekuja, amekula, ameuliza shati limepatwa na nini, nikamwambia nilisinzia. Amenishukuru kwa chakula kama kawaida yake. Nimemtazama akikunja kitambaa chake cha mezani na nimejiuliza huyu ni nani.

Wewe ulijua? Niambie kweli. Ulinitumia ukijua?

Dada yako


Tacoma
21 Oktoba 1984

Dada Verna,

Shikamoo. Habari ya goti sikuulizi leo, nisamehe.

Sikujua. Naapa kwa kaburi la mama. Nilipoisoma barua yako nilikasirika na wewe, nikasema dada amezeeka, anasikia kwaya kila mahali. Nikaweka santuri. Hayo maneno nimeyasikia nusu ya maisha yangu, nikilala yamo, nikiamka yamo. Siku moja rafiki yangu mmoja alipofiwa nilimwambia hayohayo, pumua sasa. Nimekuwa nikimnukuu Lowell.

Nimekaa sakafuni sijui muda gani. Gene alikuja akagonga, sikufungua.

Halafu boksi likanirudia. Lilikuwa nusu, likajaa. Nani alilibeba?

Muulize, dada. Usimpe nafasi ya kwenda kutazama gari.

Wade


Mill Fork
29 Oktoba 1984

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu katika jina la Bwana, na leo nina sababu ya kumtaja. Goti halijambo. Nimelisahau, kusema kweli.

Nilimuuliza. Sikutumia maneno, maana sikuwa nayo. Nilingoja aingie kunawa mikono kabla ya chakula, nikaweka wimbo. Alikuwa na povu la sabuni mpaka kwenye viwiko. Akasimama vile, maji yanatiririka, mpaka ikafika ile sauti ya mwisho. Nikaona kisigino chake kimejiinua chenyewe.

Akasema, "Zima, Verna." Nikazima. Akasema, "Umeipata wapi? Nilizichoma zote."

Chakula kilipoa. Alisema yote, na mimi nakuandikia kama alivyosema, sipunguzi.

Tulipokuwa wachumba, alikuwa akiniambia Jumamosi anakwenda ng'ambo ya mto kumhudumia shangazi yake aliyepooza. Nilikuwa namfungia mkate ampelekee. Shangazi alikuwa mzima, Wade, anafuga bata. Lowell alikuwa kwenye gereji ya baba wa rafiki yake, anapiga kelele na vijana wengine watatu. Walijiita Upupu. Shemasi wangu alikuwa Upupu, na mkate wangu ndio waliokuwa wakila. Wimbo unaitwa "Usinipigie Honi." Walichanga wakapeleka mkanda kwa watu wa kuchapa, wakaletewa santuri, hakuna aliyenunua, zikabaki kwake.

Kisha akaokoka, na Mchungaji Prewitt akataka kumpa kwaya. Lowell anasema alikuwa na hofu usiku na mchana kwamba mtu ataona jina lake kwenye lebo. Uliposomwa ule mwito wa kuchoma, akaona njia. Alikaa kwenye banda la zana akakwangua lebo moja moja kwa kisu, akazitia zote kwenye boksi lako, zako zikazifunika kwa juu. Alidhani zitaungua tu na yataisha. Hakujua Mchungaji atakuita kwa jina. Ulipoitwa, angeweza kusema. Hakusema. Amenitazama machoni akaniambia, "Niliona mtoto anainamishwa kichwa kwa ajili yangu, na nikaimba."

Nililala chumbani kwako siku hizo zote. Alikuwa akiniwekea kahawa mlangoni, nami nilikuwa naiacha ipoe. Sikujua nimwombee yeye au nijiombee mimi, maana nawe uliniambia kweli yako siku ile nikakushika mkono nikakwambia tubu.

Jana Jumapili, baada ya matangazo, Lowell alipanda mbele bila kuitwa. Nilidhani atataja mazoezi ya kwaya. Akasema lile boksi la moto wa mwaka ule halikuwa na dhambi ya Wade, nyingi zilikuwa zake na aliziimba yeye, na mtoto alisema kweli, watu wazima wakamwombea uongo. Akaitaja Upupu. Akaweka funguo za chumba cha kwaya juu ya madhabahu. Mchungaji Prewitt, mzee sasa na masikio yake mabovu, akauliza nani ameungua. Nje, Eunice alinishika mkono, akasema, "Basi wote tulimwekea mikono asiye mgonjwa." Akalia, Eunice huyo, ambaye sijawahi kumwona akilia hata kwenye mazishi ya mumewe.

Sasa kuna jambo moja. Nilimwambia Lowell kwamba santuri yako haina mwanzo. Nilimwomba auimbe kwenye kaseti nikutumie. Amekataa. Anasema mwanzo haukuwa magitaa hata kidogo, wewe huwezi kuukisia, na hataupeleka kwa posta kama mtu anayelipa faini. Amesema, "Mwambie aje. Nitampigia mbele ya macho yake, halafu anifanye atakavyo." Ameazima gitaa kwa vijana wa kanisa. Anajizoeza bandani. Vidole vimetoka malengelenge, na mimi namsikia na sijui nicheke au nimrushie sufuria.

Hakuna anayekulazimisha. Nimekueleza tu.

Dada yako anayekusubiri,
Verna


Mill Fork
12 Novemba 1984

Wade wangu,

Hujambo? Nauliza kweli, maana sijapata hata mstari. Naenda kwenye sanduku la barua na aproni yangu ya jikoni, mtu wa posta ameanza kunionea huruma, akiniona anatikisa kichwa kutoka mbali.

Kama umekasirika, kasirika. Kama unataka jina la Upupu lisiandikwe kwenye jalada, au liandikwe kubwa, ni juu yako. Lowell anasema ni haki yako. Bado analala peke yake, na kahawa nimeanza kuinywa. Kanisa limemrudishia funguo, hajazipokea. Amesema zingoje neno kutoka Tacoma.

Bata mzinga wa Sikukuu nimeshaagiza. Nitaweka sahani yako, uje usije.

Dada yako


Tacoma
15 Novemba 1984

Dada,

Mimi mzima, usitafute hospitali. Niliipata barua ndefu, nikaigeuza uso chini juu ya kabati, na santuri nikaigeuzia ukuta. Gene anataka tuchape jalada jipya lenye jina la Upupu, wakusanyaji wanapiga simu mpaka usiku. Nimemwambia asiguse kitu.

Usiku nilikuwa nampenda mtu mmoja, mchana namchukia mwingine, kumbe nilikuwa na mmoja tu. Sijui unamfanyaje mtu kama huyo. Nikifika pengine nitampiga ngumi mlangoni. Muandae kwa hilo.

Nimekata tiketi ya basi. Nitafika Jumatano jioni, mkesha wa Sikukuu, kama milima haina theluji. Santuri nitaipakata, siiweki kwenye mizigo. Nimejaribu miaka yote kukisia ule mwanzo, na usiku wa jana nilijikuta nakisia tena.

Mwambie asianze bila mimi.

Mdogo wako wa boksi,
Wade