Barabara Iliyokuchukua

Dada yangu mpenzi,

Huku hatujambo, na mbuzi wetu amezaa pacha. Barabara ya pwani imewekwa lami mpya hadi huko kwenu. Wajua baba alivyoichukia tangu walipoichonga, nawe ukaondoka na dereva wa greda. Miaka ishirini amepita ufukweni, mchanga ukimjaa viatuni, asiikanyage.

Jana alinikuta nikifagia ua, akauliza, "Basi la kwenda kwa dada yako linaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi, baba."

"Nikatie tiketi. Nimezeeka na hasira zangu, na wajukuu siwajui."

Nikaendelea kufagia palepale.

Tunakuja Jumamosi. Mwambie shemeji asikimbie. Baba amemnunulia shati.

Ni mimi, kitinda mimba wenu.